Mlio Nilioutupa

Kila siku nikitoka shule nilikuwa napita nyumbani, navua sare, nachukua mkoba wa chakula cha Baba na kuupeleka kwenye nyumba ya pampu. Si mbali. Unashuka barabara ya vumbi, unapita nyuma ya karakana ya mbao, unagonga geti la chuma, na mlinzi anakufungulia huku akilalamika kwamba umechelewa hata kama umewahi.

"Bosi, kidogo tu ungemkuta baba yako anatafuna spana," aliniambia karibu kila siku. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwa bosi wa mtu yeyote. Hata mdogo wangu wa darasa la pili alikuwa hanisikilizi. Lakini jina lile lilinifurahisha, nikalipokea.

Nyumba ya pampu ni chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji na msongamano wa mabomba ukutani. Wakati ule kulikuwa na pampu moja tu. Ya pili ilikuwa imeungua koili, yaani nyaya za ndani ya mota, imepelekwa kwenye karakana kubwa ya mji mwingine, na mahali pake palibaki bolti nne zimesimama wima. Ile iliyobaki ilifanya kazi mchana kutwa kupandisha maji kwenye tangi la hospitali, juu kilimani. Mama anafanya kazi hukohuko hospitalini, chumba cha kufulia mashuka. Kwa hiyo nyumbani kwetu Baba ndiye aliyesukuma maji na Mama ndiye aliyeyatumia, na mashine ikigoma, Mama angekuwa wa kwanza kujua.

Kabla ya kula, Baba alikuwa na kazi moja ambayo hakuiruka hata siku moja. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya beringi ya pampu, akabana mpini kwenye mfupa wa sikio, akafumba macho. Beringi ni pete ya chuma yenye gololi ndani. Ndiyo inayoshika mhimili unaozunguka ili usikwaruze. Beringi nzima inavuma tu. Inayoanza kufa hutoa mlio mwembamba siku nyingi kabla haijafa, na fundi mwenye sikio zuri huusikia mapema, akaibadilisha. Baba alikuwa ameokoa mashine nyingi kwa njia hiyo. Wenzake walimwita Masikio.

Siku moja ya Jumanne nilimwomba nijaribu. Nikabana mpini sikioni. Nilisikia mvumo mnene wa mota, na juu yake kitu kingine, chembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

"Baba, inalia siiii."

Akaichukua bisibisi. Alisikiliza kwa muda mrefu sana, akahamisha ncha hapa na pale, akabadilisha sikio. "Mimi sisikii siii yoyote," alisema. "Ni mvumo tu."

"Ipo, Baba. Nisikilize tena?"

Nikasikiliza. Ilikuwepo. Nilipofumbua macho nilimwona Baba ananitazama kama mtu aliyefumaniwa, na hapo mambo mengi yakaniingia akilini kwa mpigo. Saa ya kuamsha ilivyokuwa ikilia hadi Mama aje kuizima, wakati Baba kalala pembeni yake. Filimbi ya mdogo wangu iliyotutoa sisi sote roho, na Baba akisema mwacheni mtoto, hasumbui.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Mwaka. Labda miwili." Alikaa kwenye kigoda chake. "Kelele za hapa zimenila masikio polepole. Sauti nene nazisikia vizuri. Nyembamba zimekwenda."

Kwenye msumari ukutani kulikuwa na vizuia kelele vya masikioni, bado vimo ndani ya mfuko wake wa plastiki. Vilitolewa na ofisi miaka mingi nyuma. Baba alikuwa akisema havivai, kwa sababu fundi akiziba masikio atasikilizaje mashine?

"Sasa huwa unafanyaje?"

Alicheka kwa aibu. "Kila Jumatatu namwita mlinzi. Namwambia, mzee, njoo unichekeshe, uniambie mashine inasema nini leo. Yeye anadhani ni utani wetu. Jumatatu hii alisikiliza, akasema inavuma kama kawaida. Kwa hiyo hiyo siii yako ni ya jana au leo." Akavuta kopo karibu. "Nitaongeza grisi. Huenda ikanyamaza."

"Si uagize beringi mpya?"

"Kuagiza lazima nijaze fomu. Nani amesikia, amesikia nini. Niandike nani? Mwanangu wa shule?" Akanishika bega. "Usimwambie mtu, hata mama yako. Wakijua sisikii, unga wangu umemwagika. Fundi kiziwi wa nini kwenye nyumba ya pampu?"

Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akiogopa. Niliahidi kunyamaza, nikaondoka na mkoba mtupu.

Usiku sikupata jibu, ila asubuhi darasani nililipata. Shule yetu ina klabu ya sayansi, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa na kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani, pamoja na maikrofoni ya kubandika. Alikuwa ametufundisha jinsi inavyosikia. "Sauti ni mtikisiko usiokatika," alisema. "Kompyuta haiwezi kumeza kitu kisichokatika. Kwa hiyo inachungulia. Inachungulia mara elfu nane kila sekunde, na kila ikichungulia inaandika namba moja. Hizo namba ndizo sampuli." Nikawaza: kama Baba hawezi kusikia, basi ataona. Nikaomba kifaa, nikamwambia Mwalimu ninataka kupima pampu, na hilo lilikuwa kweli.

Nilipokibandika kwenye beringi, mchoro uliotokea kwenye skrini ulikuwa balaa. Kulikuwa na wimbi kubwa linalopanda na kushuka polepole, ambalo lilikuwa mvumo wa mota, lakini mstari wenyewe ulikuwa mnene, umejaa manyoya kama blanketi la zamani. Halafu namba zilijaa haraka mno. Siku moja tu na nafasi imekwisha.

Mwalimu alinionyesha dawa. "Tengeneza kichujio," alisema. "Chukua namba kumi na sita zinazofuatana, tafuta wastani wake, hifadhi huo wastani, zile kumi na sita achana nazo. Wimbi la mota linachukua namba mia moja na sitini kupanda na kushuka mara moja, kwa hiyo wastani wa kumi na sita hauliumizi. Lakini kitu kinachopanda na kushuka ndani ya namba mbili tatu kitajikata chenyewe. Nusu yake iko juu, nusu iko chini, ukijumlisha unapata karibu sufuri."

Niliandika programu ile Ijumaa mchana. Nilipoiwasha, manyoya yote yalitoweka. Likabaki wimbi moja laini, safi, lililopinda kama kamba ya kuruka. Kichwa kilinivimba. Nilitamani Baba alione siku ileile.

Mwalimu alikuwa tayari na funguo mkononi, anataka kufunga chumba. Alisimama nyuma yangu akatazama skrini. "Nzuri," alisema. "Sasa nikuulize. Kila kichujio kina ndoo mbili. Moja ya kinachopita, moja ya kinachotupwa. Watu wote hukimbilia kutazama ya kwanza. Fundi hutazama ya pili kwanza. Wewe umetazama ulichokitupa?"

Kutazama kulihitaji kuchora upya namba ghafi, zile zisizochujwa, kuondoa wastani wake, na kuona kilichobaki. Ingechukua saa nzima, na saa hiyo ningeipata Jumatatu tu, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na funguo zilikuwa zinalia mkononi mwake.

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema.

"Kuna nini?"

"Makelele tu."

"Haya. Nenda nacho."

Jumamosi nilikifunga kifaa kwenye nyumba ya pampu, skrini juu ya meza ya Baba. Alilitazama lile wimbi laini likipita, akalifuata kwa kidole. "Hii ndiyo beringi yangu?"

"Ndiyo, Baba. Ikiharibika, mstari utaharibika."

"Na ule mlio wako wa siii?"

Ningeweza kuchukua bisibisi na kusikiliza. Ilikuwa palepale, imening'inia hatua mbili kutoka nilipo. Nawaambia kweli, sikuichukua kwa sababu niliogopa jibu. "Yalikuwa makelele tu," nilimwambia. "Kichujio kimeyaondoa."

Baba alinikumbatia mpaka nikanuka grisi. "Umenipa masikio mapya," alisema, na macho yalikuwa yamemlowa. Jumatatu iliyofuata mlinzi alipokuja kusikiliza kama kawaida, Baba alimrudisha getini. "Pumzika, mzee. Siku hizi nina mashine ya kisasa." Mlinzi akanung'unika kwamba vijana wamemnyang'anya kazi hata hii isiyo na mshahara. Tulicheka wote watatu.

Siku kumi zilipita. Mchoro ulikuwa safi kila siku.

Jumatano nilifika na chakula nikasikia harufu kabla sijafungua mlango, harufu ya mafuta yanayoungua kwenye chuma. Baba alikuwa amesimama mbele ya skrini, uso umekunjamana. "Kitu kinanuka," alisema, "lakini tazama, mstari ni mzima." Ulikuwa mzima kweli. Wimbi lilikuwa linapita laini kama siku ya kwanza. Nikageuka kwenye pampu, na hapohapo mlio ukapanda ghafla; bila bisibisi, bila kitu chochote, nikausikia. Haukuwa tena mbu. Ulikuwa mayowe ya chuma, yameujaza mlango na dari, na Baba amesimama katikati yake hana habari.

"Zima!" nilipiga kelele. "Baba, zima!"

Aliruka kwenye swichi. Hakuwahi. Pampu ilitoa mshindo mmoja, moshi wa buluu ukafumka kwenye beringi, mhimili ukasaga, ukasimama. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mshindo. Nilikuwa sijawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Baba alishika tama kwenye kigoda chake, akautazama mstari kwenye skrini uliokuwa sasa umelala chini.

Mama alirudi nyumbani jioni ile na mikono mikavu, jambo nisilowahi kuliona siku ya kazi. "Tumeambiwa tusifue," alisema. "Tangi lina maji ya mpaka kesho saa sita, na hayo ni ya wagonjwa kunywa na chumba cha kujifungulia. Mashuka yamelundikana mpaka dirishani." Alimtazama Baba. "Si ulisema ile mashine ya mtoto inaona kila kitu?"

Baba alisema, "Mashine za watu huharibika," akatoka nje.

Asubuhi yake nilimfuata Mwalimu kabla ya kengele. Nilikuwa na nakala ya kadi ya kumbukumbu ya kifaa mkononi, siku zote kumi ziko ndani. Nilitaka kuamini kwamba mlio bado umo mahali fulani, umejificha, na mtu anayejua hesabu kuliko mimi angeweza kuutoa.

"Nirudishie kilichotupwa na kichujio," nilimwomba.

Mwalimu alichukua chaki. "Wastani wa namba mbili ni sita," alisema. "Niambie, zilikuwa namba gani?"

"Tano na saba."

"Kwa nini si mbili na kumi? Kwa nini si sita na sita?"

Nilitazama ubao. "Kwa hiyo huwezi?"

"Mimi siwezi, na hata aliyenifundisha mimi hawezi. Ulihifadhi sita peke yake. Tano na saba zimekwenda." Aliweka chaki chini taratibu. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. "Siku ile nilikuuliza kuhusu ndoo ya pili."

"Sikutazama, Mwalimu. Nilikudanganya."

Nilitegemea atanifokea, na ningefurahi angenifokea. Alikaa tu kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamepanda juu kwa ufupi wa kiti. "Na mimi nilikuwa na haraka ya kufunga mlango," alisema. "Hapa siwezi kukusaidia, mwanangu. Kuna kitu kimoja tu kimebaki cha kusema, na wa kukisema ni wewe, na si kwangu."

Mchana watu wa hospitali walikuwa wamepanga mstari kwenye kisima cha bondeni na ndoo. Nilimwona Mama kati yao, kanga imefungwa kiunoni, ndoo kichwani, anapanda kilima kile ambacho pampu ilikuwa inakipanda bila kuchoka. Nilichukua ndoo nikabeba safari tatu. Safari ya tatu nilijua kwamba hata nikibeba mpaka Jumapili sitajaza hata kona ya lile tangi. Nikaacha ndoo nikaenda nyumba ya pampu.

Injinia wa maji alikuwa amefika. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, amepiga magoti sakafuni bila kujali suruali yake, na beringi iliyofunguliwa iko mbele yake juu ya gazeti. Gololi zilikuwa zimeungua, nyingine zimepasuka. Baba alisimama pembeni na mlinzi alikuwa mlangoni.

"Mzee," Injinia alimwambia Baba, "beringi haifi hivi kwa siku moja. Hii imelia wiki nzima, labda zaidi. Nani alikuwa anasikiliza?"

"Mimi," alisema Baba.

"Na hukusikia?"

Baba alitazama viatu vyake.

"Nina kumbukumbu za kifaa hiki hapa," Injinia aliendelea, "zinaonyesha mashine ilikuwa salama mpaka dakika ile ilipokufa. Haiwezekani. Kwa hiyo nitaandika nini? Nitaandika kwamba fundi hakutia grisi na hakusikiliza. Sina lingine la kuandika."

"Andika hivyo," Baba alisema kwa sauti ndogo.

Nilijikaza kisabuni. "Shikamoo, mama. Si yeye. Kumbukumbu hizo ni zangu." Wote wakanigeukia. "Mlio ulikuwepo. Niliusikia mwenyewe kwa bisibisi, wiki mbili zilizopita. Halafu nikatengeneza kichujio cha wastani wa kumi na sita, kikautupa. Mwalimu aliniuliza kama nimetazama nilichokitupa, nikasema nimetazama. Sikutazama. Nilitaka mchoro uwe mzuri. Na Baba aliponiuliza mlio uko wapi, nilimwambia ni makelele tu."

Injinia alivua miwani. "Namba ghafi unazo?"

"Hapana. Nilihifadhi wastani peke yake."

"Basi hakuna ushahidi."

"Hakuna," nilisema, na machozi yakanitoka. Nilikuwa nimesema ukweli wote niliokuwa nao, na haukuwa umesaidia chochote. Beringi ilikuwa palepale kwenye gazeti, imeungua vilevile.

Nilichobakiza ni siri ya Baba, na hiyo haikuwa yangu kuitoa. Nilimtazama. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua kitu kizito.

"Mtoto amesema yake," alisema. "Injinia, mimi sisikii. Milio myembamba sisikii kabisa, mwaka wa pili huu. Mlinzi ndiye aliyekuwa sikio langu bila kujua, nikamwachisha kwa sababu ya hii skrini. Mtoto aliponiambia kuna mlio, ningeweza kuagiza beringi siku ileile. Sikuagiza, kwa sababu ningeulizwa nani amesikia."

Mlinzi alijishika kichwa. "Kumbe utani wote ule!" alisema, na hakuna aliyecheka.

Injinia alifunga gazeti polepole. "Pampu yenu ya pili imekamilika kule karakana," alisema mwishowe. "Itafika kesho kutwa. Maji yatarudi. Lakini wewe, mzee, utapimwa masikio Jumatatu hospitalini, na karatasi ya kipimo itakuja mezani kwangu. Kama masikio ni mazuri, utaendelea kama ulivyo. Kama si mazuri, siwezi kukuacha mkuu wa zamu. Hilo siwezi, hata nikitaka."

Pampu ilifika kama alivyosema. Wanaume sita waliishusha, Baba akaifunga kwa mikono yake, na Jumamosi jioni Mama alirudi nyumbani vidole vimekunyanzika kwa maji. Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tunaisubiri Jumatatu.

Chumba cha kupimia masikio kilikuwa kidogo, kuta zake zimefunikwa sponji. Baba aliwekwa ndani na spika za masikioni, mimi nikakaa nje ya kioo karibu na mpimaji, kijana mpole mwenye koti jeupe. "Ukisikia mlio, inua kidole," alimwambia Baba. Kwenye mashine yake kulikuwa na taa ndogo ya kijani inayowaka kila mlio unapotoka. Baba hakuweza kuiona taa ile. Mimi niliiona, na Baba aliniona mimi.

Milio minene ilikwenda vizuri. Taa inawaka, kidole kinapanda. Mpimaji akazungusha kitufe. Taa ikawaka, na kidole cha Baba kikabaki gotini. Ikawaka tena. Baba akaniinulia macho, kama mwanafunzi aliyekwama anayemtazama jirani yake kwenye mtihani. Nilijua anachoniomba. Ningeinua nyusi tu, kila taa inapowaka, na angebaki mkuu wa zamu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Niliteremsha macho nikatazama mikono yangu. Sijawahi kumfanyia Baba jambo gumu kuliko hilo. Niliihesabu taa kwa mwanga wake kwenye kucha zangu, mara kumi na moja, na ndani ya kioo hakikutikisika kitu.

"Sehemu ya usikivu iliyokwenda haitarudi," mpimaji alimwambia baadaye, akimwonyesha mstari kwenye karatasi ulioanza juu ukaporomoka. "Hakuna dawa wala upasuaji wa kuirudisha. Iliyobaki unaweza kuilinda. Vaa vizuia kelele kila siku, kila saa uliyo mle ndani. Ungevivaa miaka kumi iliyopita tusingekuwa tunazungumza haya."

Injinia aliisoma karatasi ile siku hiyohiyo. Ukuu wa zamu ulikwenda kwa fundi wa kike kijana, anayesikia hata panya akikohoa. Baba alibakizwa kama msaidizi wake, amfundishe anayoyajua kuhusu mabomba na mhimili. Mimi na Mwalimu tuliandika kichujio upya: safari hii tunachukua namba ghafi, tunatoa wastani, na kinachobaki ndicho tunachokionyesha, yale manyoya niliyoyaona machafu. Namba ghafi zote zinahifadhiwa kwenye diski kubwa iliyotolewa na ofisi. Kila Ijumaa fundi yule na mimi tunazichora, tunazitazama, ndipo tunaamua cha kutupa.

Lakini siku ya kipimo, kabla hatujajua hayo yote, tulikaa na Baba kwenye benchi nje ya hospitali. Nilimwambia, "Nisamehe. Ningeweza kukusaidia mle ndani."

"Ulinisaidia," alisema. "Ungeniinulia nyusi, ningepokea. Ndiyo maana nashukuru hukuinua." Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Watu wanasema pampu ilikufa kwa beringi. Si kweli. Ilikufa kwa sababu watu wawili walijua kitu, na kila mmoja akaona ni afadhali kisionekane. Wewe ulificha mlio, mimi nilificha masikio. Ukificha kitu kibaya hukiondoi, mwanangu. Unajizuia tu kukiona, nacho kinaendelea." Akanivuta karibu naye. "Mmoja wa wale wawili alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwingine ana hamsini na moja. Wa hamsini na moja ndiye aliyetakiwa kusema kwanza."

Nikamjibu kwa sauti yangu nene kabisa, ili anisikie, kwamba sote wawili tumeshasema.